Nilivyojifunza kurudi kinyumenyume

Mwaka 2013 nilipata ajali ya bodaboda hapa Mwanza, na tangu siku hiyo, kuanzia kifuani kwenda chini, mwili hausikii amri yangu. Habari za hospitali na miaka niliyojifungia ndani naziruka. Nataka kueleza jambo moja la mpira wa vinyoya lililonitesa karibu mwaka mzima: kurudi nyuma.

Tukicheza mmoja kwa mmoja kwenye viti mwendo, tunatumia nusu ya upana wa uwanja. Tena kinyoya kikidondoka kati ya neti na mstari mfupi wa sevu (mstari wa mbele wa kuanzishia mchezo), mita 1.98 kutoka kwenye neti, kinahesabiwa kimetoka nje. Eneo linalobaki lina upana wa mita kama 3 na urefu wa mita 4.72, mfano wa kibaraza cha nyumba ya kupanga. Mpinzani anakuleta mbele, anakurudisha nyuma, anakuleta tena, mpaka mikono ikatae. Asiyejua kurudi nyuma hachezi, anaokota vinyoya.

Nilianza na kiti changu cha kawaida, kizito, magurudumu yamesimama wima. Wiki ya kwanza nilivuta kwa nguvu kufuata kinyoya cha juu, kiti kikainuka mbele, nikaanguka chali, kisogo kwenye saruji. Mama alikuwepo. Hakupiga kelele, alininyanyua tu akanifuta vumbi. Usiku nilimsikia akilia.

Baadaye nilipata kiti cha michezo kilichokwishatumika: magurudumu yamelala kwa ndani juu na kutanuka chini, na nyuma kuna kigurudumu kidogo kinachozuia kupinduka. Hapo kikabaki kichwa changu. Kila kinyoya kilipokwenda nyuma, niligeuza kiti nikifuate.

"Dada, usigeuke," kocha aliniambia. "Ukigeuka umeshampa mgongo."

Alinionyesha kwenye simu mechi za Daiki Kajiwara wa Japani, aliyepoteza mguu kwenye ajali ya barabarani akiwa mwanafunzi, kisha akachukua dhahabu Tokyo, mara ya kwanza mchezo wetu kuingia Paralimpiki, na akachukua tena Paris 2024. Sikuangalia mapigo yake. Niliangalia mikono. Anavuta mara mbili, yuko nyuma, na macho hayajabanduka kwenye kinyoya.

Ugumu ni kwamba mkono mmoja una raketi. Huwezi kukamata ringi ya gurudumu kwa vidole vyote, kwa hiyo unabana mpini kwa vidole na kuvuta ringi kwa kiganja, pale chini ya kidole gumba. Pale pangu pamechubuka, pakapona, pakachubuka tena, sasa ni sugu. Ukifika nyuma unaegemea, unapiga juu ya kichwa, halafu mkono wa kushoto unashika gurudumu kuurudisha mwili wima, maana misuli yangu ya tumbo haifanyi kazi. Ukichelewa hapo, kinachofuata hukioni.

Mama akawa mhesabuji wangu. Jioni alikaa uani na bakuli mbili, na kila nilipovuta kutoka mlangoni hadi kwenye pipa la maji bila kugeuza shingo, alihamisha punje moja ya maharage. Hamsini kila siku. Nikigeuka, punje inarudi, na hakuwa na huruma hata kidogo.

Nilipokwenda Kampala kwa mashindano ya kimataifa, konda wa basi alitaka nauli ya kiti mwendo changu. Nikamuuliza, "Kaka, viatu vyako umevilipia?" Abiria wazee wakanitetea, tukasafiri. Kule wataalamu walinipima, wakanibonyeza tumbo na mgongo, wakaniweka WH1, daraja la tusio na nguvu za kiwiliwili. Wenye nguvu hizo huwa WH2.

Mechi ya kwanza nilifungwa 21–7, 21–11. Kati ya zile pointi kumi na moja, moja naiona mpaka leo. Kinyoya kilipanda juu kabisa kwenye taa, nikavuta mara mbili, nikaegemea, nikakipeleka hadi mstari wa nyuma wa mpinzani. Yeye aligeuza kiti. Kikadondoka ndani.

Sasa Jumamosi tuko wanne, viti viwili. Anayekuja mpya simpi raketi kwanza. Namwonyesha ukuta ulipo nyuma yake, namwambia avute mpaka aufikie, macho mbele, na mama anakaa pembeni na bakuli zake.