Kuchukia, kuchukiza na kuona kinyaa

Juma lililopita nilimwandikia rafiki yangu ujumbe wa neno moja, "Nimechukia", baada ya yeye kuahirisha safari yetu kwa mara ya tatu, naye akakaa kimya hadi usiku, kisha akauliza amekosa nini hata nimchukie. Hakunielewa, lakini sikumlaumu. Kitenzi hiki kina tabia ambayo hata sisi tuliokua nacho huisahau: kisipokuwa na mtendwa, huwa karibu na kuudhika au kununa, jambo linaloweza kwisha kabla ya jioni, kikipewa mtendwa, kama katika "nimekuchukia", silabi moja tu hugeuza kero ya saa moja kuwa uadui. "Alichukia akaondoka" ni habari ya mtu aliyeudhika, ilhali "alimchukia akaondoka" humfanya msikilizaji aulize walikosana lini.

Kwa sababu ya uzito huo, mzungumzaji makini hakitumii kitenzi hiki ovyo. Kuhusu rangi, chakula au kazi, Kiswahili hutosheka na kukanusha kupenda, yaani "sipendi", na anayetaka kukaza zaidi husema "sitaki hata kukiona". Siku hizi nasoma "nachukia foleni" na "nachukia Jumatatu", nami husita kila mara, kwa kuwa naona hisia ndogo imevikwa joho lisiloitosha.

Kuchukia ni kwa moyo wa mtu. Kuchukiza ni sifa ya kitu au tendo. Mtu mkweli anaweza kuchukiwa na wengi bila kuwa na lolote la kuchukiza. Kutokana na "chukiza" tumepata "chukizo", na wasomaji wa Biblia watakumbuka kwamba Mithali 6:16 huyaweka maneno yote mawili katika aya moja: vitu sita anavyovichukia Mungu, na saba vilivyo chukizo kwake.

Karaha ni jirani tu. Imetoka katika Kiarabu, katika mzizi uleule wa "makuruhu", ambalo katika sheria ya Kiislamu ni jambo lisilopendeza kutendwa ingawa halijafikia kuwa haramu. (Raha na karaha hufuatana vizuri masikioni, lakini kwa asili si ndugu.)

Kinyaa ndicho chenye mwili. Aliyekunywa chai hadi nusu, kisha akahisi unywele mrefu ukimtambaa ulimini, hana chuki na yeyote. Ameona kinyaa, koo limefunga na kikombe kimesukumwa mbali kabla hajafikiri. Ndiyo maana tunasema kinyaa "huonwa", au kitu "hutia kinyaa", wakati chuki mtu huwa nayo, huificha, hata huilea miaka mingi.

Rafiki yangu nilimjibu kwamba nimeudhika tu. Akaandika kuwa tunasafiri Jumamosi.