Nilivyoihamisha steshenari yangu kwenye Linux Mint

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida. Kuna nyongeza ya mwaka mmoja kwa anayejisajili, lakini mwaka ni kesho. Mwenye kompyuta mpya anabofya tu na kuhamia Windows 11. Za kwangu ni za mtumba, Core i5 za kizazi cha tatu na cha nne, RAM GB 4 kila moja, wakati Windows 11 inataka kizazi cha nane kwenda juu pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Fundi wangu hapa Morogoro aliniambia, "Dada, inalazimishika hiyo, nakupigia Windows 11 leo leo." Ni kweli inalazimishika, nimeona kwa macho yangu. Ila Microsoft hawaahidi masasisho kwa kompyuta iliyolazimishwa, na mashine ya GB 4 ikishabebeshwa Windows 11 na Firefox juu yake, mteja anamaliza soda kabla ukurasa haujafunguka.

Basi nikaanza kuulizia Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, ambao una aina nyingi zinazoitwa distro. Ukiulizia Linux kwa vijana, wa kwanza atakwambia uweke Kali, kwa sababu ameiona kwenye video za wadukuzi na inaonekana ya kijanja. Kali ni karakana ya watu wanaopima usalama wa mitandao, na waliotengeneza wenyewe wameandika kwamba haimfai mtu anayejifunza Linux. Wa pili atakwambia Arch, halafu atakaa pembeni akuangalie unavyohangaika. Wengine watakutajia Ubuntu, Debian, Fedora, Zorin, MX, na kila mmoja ana sababu zake na anazitetea kama Simba na Yanga.

Mimi niliweka majina pembeni, nikachukua daftari la mauzo na kuandika kazi ambazo steshenari inafanya kila siku. Kuchapa barua na mitihani ya walimu. Kuprinti na kuskani kwa Epson ya wino wa chupa. Picha za pasipoti. Maombi ya mkopo HESLB, maombi ya ajira, uhakiki wa vyeti RITA. Kuunganisha PDF na kuzipunguza uzito. Kadi za harusi na vipaimara. Kufungua flashi za wateja. Orodha hiyo ndiyo iliyonichagulia distro, kwa sababu maombi yote ya serikali yanapita kwenye kivinjari, na kivinjari kipo kwenye kila Linux. Kilichobaki cha kuuliza ni printa, mafaili ya Word, na uzito wa mfumo wenyewe kwenye RAM ya GB 4.

Nikatua kwenye Linux Mint toleo la 22, sura ya Xfce. Mint imejengwa juu ya Ubuntu, na Ubuntu juu ya Debian, kwa hiyo ukikwama, maelekezo mengi yaliyoandikwa kwa ajili ya Ubuntu yanakufaa vilevile, na hayo yamejaa kila mahali. Mfululizo wa 22 unahudumiwa mpaka 2029. Mint inakuja kwa sura tatu: Cinnamon, MATE na Xfce. Cinnamon ndiyo nzuri kuitazama. Xfce haina mapambo mengi lakini ndiyo nyepesi, ina kitufe cha menyu kushoto chini na saa kulia, na msaidizi wangu wa kaunta hakuhitaji kufundishwa pa kubofya. Ubuntu yenyewe niliijaribu, inavutia, ila kwa GB 4 ilikuwa inapumua kwa shida nikifungua kurasa nyingi.

Faili la Mint linakaribia GB 3, na nililipakua kwa bando la usiku. Hapa sikubali mtu aruke hatua ya kulihakiki. Bando likikata katikati, faili linaweza kuonekana limekamilika kumbe lina kasoro, na utakuja kulaumu Linux bure. Ukiwa bado kwenye Windows, fungua dirisha la amri, andika `certutil -hashfile` likifuatiwa na jina la faili na neno `SHA256`, halafu linganisha ile mistari ya herufi na namba na iliyo kwenye tovuti ya Mint. Zikilingana, endelea. Kuliweka kwenye flashi nilitumia programu ya Rufus, na flashi ya GB 8 inatosha.

Sasa, kinachonifanya niipende Linux kuliko kitu kingine ni kwamba unaijaribu nzima nzima kutoka kwenye flashi kabla hujagusa diski. Unawasha kompyuta huku unabonyeza F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, au F9 kwa HP, unachagua flashi, na Mint inafunguka ikiwa na Firefox, LibreOffice (mbadala wa bure wa Word) na kila kitu. Ni taratibu kidogo kwa sababu inasoma kutoka kwenye flashi. Hapo ndipo nilipotoa daftari langu nikapita kazi moja baada ya nyingine: sauti, printa, flashi ya mteja, ukurasa wa HESLB. Anayekushauri distro hajui una printa gani. Flashi itakwambia.

Kwenye kompyuta ya kwanza flashi iliniambia hakuna Wi-Fi. Kadi ipo ndani, taa inawaka, mtandao hauonekani. Baadhi ya kadi za zamani zinahitaji draiva, yaani programu za kuendeshea kifaa, ambazo haziwekwi moja kwa moja kwenye Mint kwa sababu za leseni. Mara nyingi inabidi zipakuliwe, na huwezi kupakua bila mtandao. Dawa yake ni simu. Nilichomeka simu ya Android kwa waya wa USB, nikaingia kwenye mipangilio ya simu na kuwasha sehemu ya kugawa intaneti kwa USB, na Mint ikaipokea palepale kama waya wa mtandao, bila kuuliza chochote. Nikafungua programu ya Driver Manager, ikaiorodhesha draiva ya kadi, nikaiwekea alama, ikapakua, na Wi-Fi ikaja. Kumbuka ukifanya hivyo ukiwa kwenye flashi, ukizima inapotea. Utairudia ukishaiweka Mint kwenye diski. Na kama Secure Boot, ule ulinzi wa kompyuta inapowaka, imewashwa, utaombwa utunge nenosiri, kisha kompyuta ikiwaka tena italeta skrini ya bluu: chagua Enroll MOK, andika nenosiri lile lile, basi. Ukiipita skrini hiyo bila kuijibu, draiva haitafanya kazi na hutajua kwa nini.

Printa, ambayo ndiyo niliyoiogopa zaidi, ilinishangaza. Epson L3110 niliichomeka, ikajitambulisha yenyewe, nikaprinti ukurasa wa majaribio kabla sijatafuta draiva yoyote. Skana ilitaka Epson Scan 2, ambayo Epson wenyewe wanaitoa kwa Linux kama kifurushi kilichobanwa chenye mafaili ya .deb, unakifungua na kufuata maelekezo. Mashine yetu kubwa ya fotokopi ndiyo iliyokataa. Inatoa kopi kama kawaida, ila haichukui kazi kutoka Mint, na draiva iliyopo kwa toleo letu haikusaidia.

Kuiweka kwenye diski ni kazi nyepesi kuliko kuchagua. Nilinakili kwanza mafaili yote kwenye diski ya nje, nikazima Fast Startup ndani ya Windows (isipozimwa, Linux itaziona folda zako za Windows lakini itakataa kuandika humo), kisha nikachagua Mint ikae pamoja na Windows. Saa za eneo nikaweka Dar es Salaam. Kilichofuata kilimchekesha fundi: kila nikirudi Windows, saa ya kompyuta iko nyuma kwa saa tatu. Linux huitunza saa ya ndani ya kompyuta kwa muda wa dunia, wa UTC, na Windows huisoma kama saa ya hapa, na sisi tupo saa tatu mbele ya UTC. Amri moja inamaliza mambo: `timedatectl set-local-rtc 1`. Baadaye nilipoona siku zinapita bila kuigusa Windows kwenye mashine hiyo, niliifuta, nikabadilisha diski ya kuzunguka nikaweka SSD, na hiyo SSD ilisaidia kuliko ushauri wowote niliowahi kupewa.

Kwenye mafaili ya Word watu hutishana sana. Tatizo kubwa mara nyingi ni fonti. Mwalimu analeta mtihani ulioandikwa kwa Calibri. Kompyuta isiyo na Calibri ikiweka fonti nyingine yenye upana tofauti, mistari inasogea na swali la 10 linakatika ukurasa. Kuna fonti ya bure iitwayo Carlito iliyotengenezwa kwa vipimo vilevile vya Calibri, na Caladea kwa ajili ya Cambria. LibreOffice inazitumia yenyewe zikiwepo. Times New Roman na Arial nilizipata kwa kuweka `ttf-mscorefonts-installer`. Tangu hapo mitihani inafunguka ilivyo, isipokuwa yenye maumbo yaliyopangwa juu ya maandishi, ambayo huwa naikagua kabla ya kuprinti. Nyongeza ambayo sikuitarajia: nikaandika `sudo apt install hunspell-sw`, nikaweka lugha ya waraka kuwa Kiswahili, na ile mistari myekundu iliyokuwa inalowesha kila barua ikabaki chini ya makosa ya kweli tu. Wakongwe wa kazi hii watakumbuka Jambo OpenOffice, iliyotoka mwaka 2004 kwa mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kumbe njia hii ilishafyekwa zamani.

Flashi za wateja zina hadithi yake. Anayefanya kazi ya steshenari anaijua: mteja anakuja na flashi, unafungua, folda zote zimegeuka shotikati, ukibofya hakuna kitu, na sasa kompyuta yako nayo inaambukiza kila flashi itakayofuata. Kirusi kile huwa hakifuti mafaili. Kinayaficha kwa alama ya Windows ya kuficha, kisha kinaweka shotikati zinazokiendesha chenyewe. Mint haiiheshimu alama hiyo kwenye flashi, na programu ya Windows iliyofichwa humo haijiendeshi. Kwa hiyo ninapoifungua, naona kila kitu peupe: folda za mteja zipo pale pale, na pembeni zimejipanga shotikati zenye ukubwa wa kilobaiti chache, pamoja na faili moja lenye jina la ajabu. Nachagua shotikati na hilo faili, nafuta, naprinti. Mwanafunzi mmoja alinililia ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo ilivyopotea, na ilikuwa haijatoka hata kwenye flashi. Siku hizi wananiletea flashi kutoka mitaa mingine kwa kazi hiyo tu.

PDF nazo zimekuwa rahisi. Vyeti vilivyoskaniwa huwa vizito kuliko mifumo ya maombi inavyokubali, na zamani nilikuwa nawapeleka wateja kwenye tovuti za kupunguza uzito, vyeti vya watu vikipita kwa wageni. Sasa programu ya Ghostscript, ambayo tayari ilikuwemo, inafanya kazi hiyo humu humu ndani, na PDF Arranger inapanga kurasa kwa kuburuta.

Kadi za harusi hazikuhama. Mbunifu wangu anatumia Photoshop na Publisher. LibreOffice Draw inafungua faili la Publisher, lakini kadi inafika imechanganyikiwa, na Photoshop haina toleo la Linux. GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, inatosha kwa picha za pasipoti, haitoshi kwa mtu aliyezoea Photoshop miaka yote na ana bibi harusi anamsubiri kaunta. Kwa hiyo mashine yake imebaki na Windows 10, imeunganishwa na ile fotokopi kubwa, na nimeikatia intaneti. Kazi inaifikia kwa flashi iliyopita kwanza kwenye Mint.

Juzi kijana wa chuo, mteja wangu wa siku nyingi, aliniona nikifanya masasisho bila kompyuta kugoma, akaniletea laptopu yake. "Dada, nipigie na mimi hiyo Mint." Nikamuuliza anatumia programu gani darasani. Akasema wanafundishwa ramani kwa ArcGIS Pro. Hiyo ni ya Windows peke yake. Nikamwekea QGIS palepale kwenye Windows yake, programu ya ramani ya bure, inayofanya kazi pande zote mbili, nikamwambia amalize nayo muhula huu kwanza. Mwalimu wake akiikubali, aje na flashi ya GB 8.