Anayekuambia utupie kila kitu hajawahi kupikia biogesi

Ukishasema tu una mtambo wa biogesi, yaani tangi la kuozesha tope la kinyesi na maji ili litoe gesi ya kupikia, kila mtu anageuka mtaalamu. Mmoja atakwambia utupie humo chochote kinachooza. Mwingine atakwambia utie amira ili tope lichachuke upesi. Wa tatu, na huyu ndiye aliyenikera kuliko wote, alisisitiza nifungue mfuniko mara kwa mara ili tope lipumue. Lipumue! Vijidudu vinavyotengeneza methani, ile gesi inayowaka, havivumilii oksijeni. Kuvipa hewa ni kuviua. Na amira itakupa pombe na hewa ya ukaa, gesi ambayo kazi yake ni kuzima moto.

Mimi neno huwa siliamini mpaka nilione. Ujenzi sitausimulia: shimo, tangi, pipa la kukusanyia gesi lililopinduliwa juu yake, mabomba, basi. Kilichokula pesa ni tangi na saruji. Vingine ni hela ndogondogo, ingawa ukizijumlisha nazo zinauma. Ninachotaka kujisifia ni kitu ambacho kimenigharimu karibu na bure: madumu.

Kabla sijalilisha tangi kubwa kitu chochote zaidi ya kinyesi cha ng'ombe na maji, nilitafuta madumu matatu ya lita 20 yaliyochakaa, pamoja na tyubu kuukuu za magurudumu ya gari. Kwenye kila kifuniko nikapitisha mpira mwembamba, nikauziba kwa gundi na kuupaka povu la sabuni nione kama unavuja, kisha ncha ya pili nikaiunganisha na tyubu iliyokamuliwa hewa yote mpaka ikalala bapa. Hilo la kukamua hewa usiliruke. Methani ikichanganyika na hewa kwa kiwango cha kati ya asilimia 5 na 15 inalipuka, na hutaki jambo hilo likutokee ukiwa na kiberiti mkononi.

Dumu la kwanza nilitia kinyesi na maji, nusu kwa nusu. La pili mabaki matupu ya jikoni na shambani, yaliyokatwakatwa, na kopo la tope la kinyesi kama mbegu. La tatu sehemu tatu za kinyesi kwa moja ya mabaki. Nikayapanga juani na usiku nikayafunika magunia, maana vijidudu hivi hupenda joto la karibu nyuzi 35, na likishuka chini ya 20 vinazembea vibaya.

Basi, tyubu ya dumu la mabaki matupu ikavimba kwanza. Ilivimba kwa fujo, wakati zile nyingine mbili bado zimelala. Jirani yangu, yule wa tupia kila kitu, akaja na kuizunguka akiipapasa kama mtu anayenunua ndama. "Umeona, ndugu yangu? Na wewe ulikuwa unabisha!" Nikamwambia kuvimba si kuwaka. Nikaibana tyubu, nikaichomoa kwenye dumu, nikaipeleka mbali uwanjani na kuikamua gesi polepole mbele ya njiti inayowaka. Njiti ikazimika. Nikawasha nyingine, ikazimika. Jirani akasema labda kiberiti kimeshika unyevu! Akaenda kuchukua cha kwake, nacho kikazimika. Sijui kama nimewahi kufurahia kitu kisichowaka namna ile.

Baadaye dumu lile likanyamaza kabisa. Nilipolifungua lilinuka siki, na karatasi ya litmasi, ile ya kupimia tindikali, ikageuka nyekundu papo hapo. Dumu la kinyesi lilichelewa, likatoa gesi ya kuwaka kwa ukimya wake. Lile la mchanganyiko lilichelewa vilevile, lakini lilipoanza lilitoa nyingi kuliko yote, na moto wake ukawa wa buluu.

Jirani, kusema haki, hakukosea lote. Kilo moja ya mabaki ya chakula ina gesi nyingi kuliko kilo moja ya kinyesi, kwa sababu kinyesi ni kitu ambacho ng'ombe ameshajichukulia chake. Tatizo ni mwendo. Vijidudu vinavyovunja wanga na sukari kuwa tindikali na hewa ya ukaa huzaliana haraka. Vile vinavyokula tindikali hiyo na kutoa methani huenda taratibu, na pH, kipimo cha tindikali ambacho hushuka tindikali ikizidi, ikifika chini ya 6.5 vinagoma. Kinyesi kinaleta vijidudu hivyo vya pili moja kwa moja kutoka tumboni mwa ng'ombe, na pia kinasaidia kuizuia tindikali isipande ghafla.

Kwa hiyo tangi kubwa lilianza na kinyesi peke yake mpaka moto ulipowaka bila kusita, ndipo nikaongeza mabaki kidogo kidogo, kila siku kiasi kilekile. Kulishindisha njaa wiki nzima halafu kulishindilia siku moja ndiko kunakoliua. Kinyesi cha kuku weka kwa uchache, kina nitrojeni nyingi na amonia yake ni sumu humo ndani. Maranda ya mbao hayaozi humo, yanaelea tu yakageuka kuwa tabaka gumu juu. Maganda ya machungwa na ndimu peleka kwingine, mafuta yake yanaua vijidudu. Maji ya sabuni na dawa za kuua wadudu usiyakaribishe kabisa. Ukinusa siki, acha kulisha, ongeza tope bichi la kinyesi, na usubiri.

Harufu ya yai bovu ni jambo jingine, hiyo ni gesi ya salfa, na inakula jiko. Mimi nimeweka kipande cha bomba kilichojaa nyuzi za chuma zilizoanza kushika kutu, kutu inainasa. Zikiwa nyeusi kabisa nabadilisha. Na bomba la kwenda jikoni lipe mteremko, na sehemu ya chini kabisa weka pa kutolea maji. Nimeitwa kwa watu wanaolia kuwa gesi imekwisha, nikafika na kukuta maji yametuama kwenye bomba lililolegea.

Tope linalotoka upande wa pili nalimwaga shambani lilivyo, likiwa limekaa ndani zaidi ya mwezi. Nitrojeni karibu yote imo, nzi hawalitaki. Siliuzi, msiniulize bei.