Kopo la Haidro

Jumapili iliyopita binti yangu wa pili aliingia jikoni akiwa ameshika shati lake la shule kwa ncha za vidole, kama mtu aliyebeba panya kwa mkia, akaliweka mezani mbele yangu bila kusema neno. Shati ambalo Ijumaa lilikuwa jeupe lilikuwa limegeuka la waridi, tena waridi la mabaka, kwa sababu alikuwa amelilowesha katika beseni moja na kanga yangu mpya nyekundu. Nilikuwa nimekwisha kufungua kinywa nimkaripie aliponitangulia kwa swali: "Mama, si uliwahi kutuambia kwamba Bibi alikuwa na dawa ya kutoa rangi? Na wewe uliijuaje?"

Nilimjibu kwamba maharage yanaungua, jambo ambalo halikuwa kweli.

Dawa aliyoitaja ni haidro, ule unga mweupe unaonuka kama njiti nyingi za kiberiti zilizowashwa kwa pamoja, ambao kila mtengenezaji wa batiki anaufahamu. Kazi yake ya halali si kutoa rangi, bali kuilainisha rangi ikubali kuyeyuka katika maji yenye kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni, ili ipate kupenya ndani ya uzi wa pamba. Lakini ukiutia peke yake katika maji ya moto pamoja na nguo iliyochafuliwa na nguo nyingine, mara nyingi doa huondoka lote. Mimi nililijua hilo nikiwa kidato cha pili, mwezi Machi mwaka 1998, na nililijua kwa wizi.

Wanaokumbuka mvua za El Niño watakumbuka jinsi zilivyoanza mwishoni mwa mwaka 1997 na kuungana na masika hata watu wakasahau kiangazi kinafananaje. Kwetu Mji Mpya, Morogoro, milima ya Uluguru ilikaa siku nyingi ndani ya mawingu, na mama alikuwa akianika batiki sebuleni, juu ya makochi, juu ya kabati la vyombo na juu ya redio ya baba, ambayo ndiyo pekee iliyopewa heshima ya kufunikwa kwanza kwa nailoni. Baba alikuwa amepunguzwa kazi mwaka 1995 katika kiwanda cha nguo alichokitumikia kwa miaka 17, wakati mashirika ya umma yalipokuwa yakibinafsishwa, na kiinua mgongo chake kilikuwa kimekwishia katika duka la rejareja lililodumu miezi minane. Tangu hapo alikuwa mtu wa barazani. Mama naye alikuwa amejifunza batiki mwaka mmoja kabla ya baba kupunguzwa, na kilichoanza kama fedha ya chumvi na viberiti kilikuwa kimegeuka kuwa fedha ya kila kitu.

Katika kiwanda kile baba alikuwa akifanya kazi katika chumba cha kuchanganyia rangi. Nalitaja hili kana kwamba ni jambo dogo kwa sababu ndivyo lilivyochukuliwa nyumbani kwetu. Kwa miaka mitatu mtu aliyetia rangi maelfu ya mita za kitambaa alikuwa akiketi hatua kumi kutoka kwa mwanamke aliyekuwa akitia rangi mita nne nne ndani ya beseni la plastiki, na hakuna aliyethubutu kuyaunganisha mambo hayo mawili. Baba hakuwahi kusema kwamba kazi ya uani ni mambo ya akina mama. Lakini namna alivyokuwa akivuka ua kwenda bafuni, akiyakwepa mabeseni macho yakiwa pembeni kana kwamba ndani yake kulikuwa na watu wanaoga, ilitosha.

Mwezi huo mama alikuwa amepata kazi ya sare za kwaya: watu 18, mita nne kila mmoja, ziwe tayari kabla ya Pasaka, ambayo mwaka ule iliangukia tarehe 12 Aprili. Bafta ilikuwa imekwisha kununuliwa, na arbuni iliyobaki ilikuwa imekwisha kuwa ada yangu. Ni katika siku hizo nilipofua shati langu la shule pamoja na kanga ya mama. (Jina lililoandikwa katika kanga hiyo silitaji, kwa maana linafanana mno na kisa chenyewe, nanyi mngedhani nimelitunga.) Nilisubiri mama aende sokoni, nikatoa kopo la haidro ndani ya debe lilimokuwa likihifadhiwa, nikalifungua nailoni mbili zilizolizunguka, nikachota vijiko viwili, na shati likarudi kuwa jeupe mbele ya macho yangu. Niliposikia komeo la mlango wa uani, nililirudisha kopo haraka. Kifuniko nilikiweka juu, sikukikandamiza. Nailoni nilizisokomeza pembeni ya debe.

Siku kumi za mvua zilipita.

Ili mwelewe kilichotokea jioni ile, lazima niwaeleze kituko cha rangi ya njano tuliyokuwa tukiitumia. Ikiwa unga, ni njano. Ikikorogwa na kostiki na haidro ikakubali, beseni zima hugeuka buluu, buluu nzito ya jioni, kiasi kwamba mtu asiyejua hudhani umekosea paketi. Kitambaa hutoka humo kikiwa buluu hivyo hivyo, kisha hewa ikikigusa, njano hujitokeza yenyewe. Mara ya kwanza nilipoliona jambo hilo nikiwa mdogo nililia, kwa kuwa nilidhani kitambaa kinaugua.

Jioni ile umeme ulikatika saa kumi na mbili na nusu. Mdogo wangu alishika chemli, mimi nikashika ncha moja ya kitambaa ambacho mama alikuwa amekwisha kukigonga nta kwa muhuri wa majani ya mwembe, na mama akakoroga. Alikoroga kwa ule mti wake wa mpera, polepole, jinsi alivyokoroga daima. Beseni lilikuwa la njano. Aliongeza kijiko cha haidro, akakoroga tena. Njano. Akaongeza kingine. Mimi, pamoja na yote niliyokuwa nikiyajua, nilijiambia kwamba huenda ni mwanga wa chemli, kwa sababu mwanga wa chemli hukifanya kila kitu kuwa cha njano. Mama alichukua kitambaa mkononi mwangu akakizamisha, akasubiri, akakiinua, nacho kikatoka cha njano kabisa, njano nzuri ya kupendeza, kama vile mgonjwa anavyonawiri kabla ya kukata roho. Mdogo wangu alisema, "Mama, imeshakuwa!" Mama hakumjibu. Alikitumbukiza kitambaa katika ndoo ya maji safi, akakifikicha mara mbili, na njano yote ikashuka chini ya ndoo kama bizari, ikabaki bafta yenye nta yake na uchafu fulani usio na jina.

Ndipo alipochukua kopo, akainama, akalinusa. Kisha akalirudisha chini taratibu, akasema kwa sauti ambayo haikuwa ya kusema na sisi, "Sijui leo rangi hii ina nini. Sijui kabisa."

Barazani redio ilizimwa. Nakumbuka ukimya wake kuliko ninavyokumbuka sauti yoyote, kwa sababu ilikuwa karibu saa mbili na baba hakuwahi kuikosa taarifa ya habari ya saa mbili. Alikuja akiwa na malapa, akasimama ukingoni mwa mwanga, kisha akachuchumaa mbele ya beseni kama mtu anayesalimia mtoto mdogo. Hakuuliza. Aliweka kiganja chake upande wa nje wa beseni kupima joto, akamwambia mdogo wangu asogeze chemli, akachota maji kwa glasi, akayatazama chembechembe zake zikielea. Akachukua kopo, naye akalinusa.

"Haidro hii imekufa, Mama Watoto," alisema.

"Imekufaje, Baba Watoto, na ni ya mwezi huu?"

"Imekufa kwa kulala wazi. Kiwandani mtu angeandikiwa barua kwa jambo hili. Haidro hailali wazi katika mvua kama hizi."

Mama alinitazama. Lilikuwa jicho moja tu, fupi, lililopita juu ya uso wangu, likashuka hadi kwenye kola ya shati la shule nililokuwa bado sijalivua, likarudi kwenye beseni. Shati langu lilikuwa jeupe kuliko mashati yote ya Morogoro.

"Ni mimi," alisema mama. "Nililiacha mimi."

Baba alitikisa kichwa, lakini si kwa hasira. Kuna mtikiso wa kichwa ambao fundi humpa mwanafunzi aliyemzoea, na huo sikuwa nimeuona kwake kwa miaka mitatu. Aliondoka kwa baiskeli palepale, akiwa amejifunika koti la mvua lenye nembo ya kiwanda iliyofutika, akaenda kwa mwenzake wa zamani aliyekuwa akitengeneza sabuni upande wa Kihonda, na saa nne na nusu alirudi na haidro iliyofungwa katika nailoni tatu na kuwekwa ndani ya koti, karibu na tumbo, kama anayeleta kifaranga. Alitwambia tusimwage kitu. Rangi haikuwa imeharibika, alisema, ilikuwa imelala tu. Aliyapasha maji kidogo pembeni, akionya kwamba yakizidi joto nta italainika na majani ya mwembe yatakimbia kitambaani, kisha akaichanganya haidro huko, akaimimina kwa kuizungusha ukingoni mwa beseni huku mama akikoroga. Kwa muda hakukutokea kitu. Halafu giza likaanza kuingia katikati ya ile njano, likatanuka, na beseni lote likawa jeusi chini ya chemli, maana buluu usiku ni nyeusi.

"Imekubali," baba alisema, na nilimsikia akicheka.

Walikiinua pamoja, mama upande huu na baba upande ule. Njano ilianzia kwenye pindo, mahali hewa ilipotangulia kufika, ikapanda kupitia rangi ya majani mabichi, na katika mikunjo ambako hewa ilikuwa haijafika buluu ilijificha kwa muda, hata mama akawa anakikung'uta kitambaa na baba akikinyoosha, na kila mkunjo ulipofunguka ukawa unabadilika mbele yetu. Hawakuwa wakizungumza. Mvua ilikuwa imeanza tena, nyembamba, juu ya bati. Mdogo wangu alikuwa amelala amesimama, chemli mkononi.

Yaliyofuata nitayasema kwa haraka. Sare zilikamilika na kwaya ikaimba. Baba alinunua daftari, akaazima mizani dukani kwa jirani, akaanza kuandika kila beseni kwa gramu, wakati mama kwa miaka minne alikuwa amepima kwa kijiko cha chakula bila kukosea zaidi ya mara moja, na mara hiyo hakukosea yeye. Baada ya mwaka mmoja wateja walikuwa wakielekezana kwa "Mzee wa batiki". Muhuri ulikuwa wa mama, nta ilikuwa ya mama, na nyufa za kostiki zilikuwa katika vidole vya mama, lakini mlango ulikuwa wa Mzee. Biashara hiyo ilitusomesha wote wanne. Baba alifariki mwaka 2011, na sikuwahi kumwambia kuhusu kopo.

Kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hiki kama siku ambayo mama alinikinga. Nadhani alinikinga kweli. Alijua jinsi baba alivyokuwa akihesabu ada. Lakini Jumapili usiku, baada ya kumwahidi binti yangu kwamba shati litapona, nililala nikilifikiria lile kopo, na kwa mara ya kwanza nikalipa uzito jambo nililokuwa nikilipita kila niliposimulia: kwamba mama alilinusa kabla ya baba. Mwanamke aliyeishi na harufu ile kila siku kwa miaka minne alilinusa kopo lisilonuka tena, akaliweka chini, akatangaza kwa sauti ya kufika barazani kwamba hajui. Kama alijua, basi aliyekingwa usiku ule si mimi peke yangu, na jibu lake kwa baba halikuwa la kuokoa mtoto tu. Au huenda ninampa mama ujanja ambao hakuwa nao, kwa kuwa sasa mimi mwenyewe ni mke wa mtu na ninajua sauti ile hutumika lini. Na bado sijui kama, lilipokuja jina la "Mzee wa batiki", alilihesabu kuwa faida au hasara.

Jumatatu jioni nilimpigia simu kumwuliza kipimo. Hakuuliza ni cha nini, na mimi nilimweleza tu kwamba mjukuu wake ameharibu shati kwa kanga. Alinitajia: maji yaliyochemka na kuepuliwa, kijiko kimoja, shati lizame lote lisielee, na madirisha yawe wazi kwa sababu mvuke wake si mzuri kwa kifua. Kisha akanyamaza kidogo, kama anayekumbuka kitu kilichosalia.

"Na kopo ulifunge," alisema.

Nilisubiri nisikie kama atacheka. Aliuliza kama mvua zimeshaanza huku kwetu.