Gharika, Makelele, na Mungu Asiyesinzia

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Wiki hii swali moja limezunguka kwenye makundi yetu ya maombi, hasa kwa vijana: je, ni kweli kisa cha Nuhu kilichukuliwa kwa wapagani wa Babeli? Swali lenyewe halinisumbui. Kilichonilemea ni majibu waliyopewa hawa watoto. Mmoja kaambiwa hayo ni maswali ya adui, anyamaze na afunge siku tatu. Mwingine katumiwa picha ya safina "iliyopatikana" Ararati, picha ambayo hakuna anayeweza kusema imetoka wapi. Kijana anayeuliza kwa uaminifu akijibiwa kwa kufokewa au kwa uongo, huondoka akijua kwamba wazee wake wanaogopa kitu. Na hakuna cha kuogopa hapa.

Tuanze na ukweli kama ulivyo. Desemba 3, 1872, mjini London, George Smith wa Makumbusho ya Uingereza alisoma hadharani tafsiri ya kibao cha udongo kilichochimbwa Ninawi, kwenye maktaba ya mfalme Ashurbanipal wa Ashuru aliyetawala karne ya 7 K.K. Ni kibao cha 11 cha utenzi wa Gilgamesh, shairi refu la kale la Babeli juu ya mfalme shujaa. Humo mtu aitwaye Utnapishtim anasimulia jinsi alivyoonywa juu ya gharika, akajenga chombo, akakipaka lami, akaingiza jamaa zake na wanyama, akatua juu ya mlima, akatuma ndege, kisha akatoa sadaka. Kuna masimulizi ya zamani zaidi ya hayo. Utenzi wa Atrahasis, nao una gharika, tunao katika vibao vilivyonakiliwa Babeli karne ya 17 K.K. Na kipande cha Gilgamesh, cha sehemu nyingine ya utenzi, kimeokotwa Megido, ndani ya nchi ya Kanaani yenyewe. Kwa hiyo anayesema hakuna kufanana kabisa anasema uongo, hata kama nia yake ni kuitetea Biblia.

Biblia yenyewe haifichi kwamba watu wake walikulia katikati ya hadithi hizo. Yoshua 24:2 inasema wazi kuwa baba zetu, Tera babaye Ibrahimu, walikaa ng'ambo ya Mto wakaitumikia miungu mingine. Musa alifundishwa hekima yote ya Wamisri, Matendo 7:22. Danieli alisomeshwa elimu ya Wakaldayo na lugha yao, Danieli 1:4, wala hakupoteza imani. Wapo ndugu wanaoamini kwamba mataifa yote yalikumbuka gharika moja, Babeli ikaikumbuka kwa kuipotosha. Wapo wanaoamini kwamba Roho aliwaongoza waandishi wa Israeli kuchukua kisa ambacho kila mtu alikijua na kukisema upya kwa kweli. Sitawagombanisha juu ya hilo. Ninachosisitiza ni kuyasoma masimulizi yote mawili mpaka mwisho, maana wanaorusha orodha za kufanana huorodhesha lami, ndege na mlima, halafu huishia hapo.

Namna ya kufanya ni hii, na ibada moja ya nyumbani inatosha. Someni Mwanzo 6 hadi 9, kisha tafsiri ya kibao cha 11 pamoja na Atrahasis. Kwa kila upande andikeni majibu ya maswali manne: gharika ilikuja kwa sababu gani, aliyeonywa aliambiwa awaambie nini majirani, nani aliufunga mlango, na nini kilitokea baada ya sadaka. Msichanganye vipimo. Safina ya Nuhu ni mikono 300 kwa 50 kwa 30, kama mita 135 kwa 22 kwa 13, yenye orofa tatu. Chombo cha Utnapishtim ni mikono 120 kila upande, chenye ngazi saba. Nuhu anatuma kunguru kwanza, kisha njiwa mara tatu. Mwenzake anatuma njiwa, mbayuwayu, halafu kunguru. Hizo ni tofauti za kweli, ila uzito hauko hapo.

Angalieni swali la pili. Mungu Ea, aliyemwonya Utnapishtim kwa siri kupitia ukuta wa mafunjo, alimfundisha cha kuwaambia watu wa mji: kwamba Enlil, mungu mkuu, amemchukia, ndiyo maana anahama, na kwamba wao watanyeshewa neema tele. Walimsaidia kujenga chombo wakiwa wamedanganywa. Nuhu anaitwa mjumbe wa haki, 2 Petro 2:5. La tatu: Utnapishtim alimpa fundi wake Puzur-Enlil jumba lake pamoja na mali yake ili akizibe chombo kutoka nje, na fundi huyo akabaki nje. Mwanzo 7:16 inasema BWANA mwenyewe alimfungia Nuhu.

Sasa njooni kwenye sababu ya gharika, maana hapa ndipo moyo wangu ulipokaa wiki nzima. Katika Atrahasis, wanadamu waliumbwa kwa sababu miungu wadogo walichoka kuchimba mifereji, wakagoma. Akachinjwa mungu mmoja, damu yake ikachanganywa na udongo, akapatikana mtu wa kubeba kazi hiyo. Kabla ya miaka 1,200 kutimia watu wakawa wengi, nchi ikanguruma kama fahali, na Enlil akakosa usingizi. Makelele, basi! Akaleta maradhi, akaleta ukame, akaleta njaa, na waliposalia wengine akaleta gharika. Mwanzo 6 haina habari ya usingizi wa mtu. Dunia ilijaa dhuluma, na BWANA akahuzunika moyo. Enlil aliudhika kwa kusumbuliwa. Mungu wetu aliumia kwa sababu ya damu iliyokuwa ikimwagwa na wenye nguvu.

Baada ya gharika Utnapishtim akatoa sadaka. Utenzi unasema miungu walisikia harufu nzuri, wakakusanyika kama inzi juu ya mtoa sadaka. Walikuwa na njaa! Waliwaua waliokuwa wakiwalisha, na kwa siku zote za tufani hawakupata kitu. Nuhu naye alitoa sadaka, na BWANA akasikia harufu ya kumridhisha, Mwanzo 8:21. Maneno yanakaribiana sana, ila hakuna njaa, wala hakuna kugombea chakula. Zaburi ya 50 inamaliza shauri: "Kama ningekuwa na njaa singekuambia, maana ulimwengu ni wangu na viujazavyo."

Wachungaji wenzangu na viongozi wa maombi, niruhusuni niseme wazi, na nawapenda. Tunawaogopa wapagani wa Babeli wakiwa kwenye vibao vya udongo, huku mungu wao tumempa mimbari. Tunaposimama na kusema Bwana hawezi kukutendea mpaka upande mbegu ya kiasi fulani, tunamhubiri nani? Yule mwenye njaa. Mama muuza mboga akipeleka mtaji wake wote mbele kwa sababu aliambiwa mbingu zimefungwa hadi atoe, aliyemlisha ni Enlil, si Baba wa Bwana wetu Yesu Kristo. Na mikesha yetu nayo tuiangalie. Kuomba kwa sauti si dhambi, Zaburi zimejaa kelele za shangwe. Lakini tukiwafundisha watu kwamba Mungu hasikii mpaka sauti zikauke, tumejiunga na wale manabii wa Baali wa Karmeli ambao Eliya aliwaambia wamwite kwa sauti kuu, labda mungu wao amelala, sharti aamshwe. Anayekulinda wewe hasinzii wala halali usingizi. Mgonjwa anayeomba kwa kunong'ona kitandani amesikiwa. Bubu amesikiwa. Aliyechoka hata kuomba, Roho anamwombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa.

Lipo jambo zito zaidi, na ningependa kina mama walisome taratibu. Miungu wa Atrahasis, baada ya gharika, walitafuta njia nyingine ya kupunguza watu wasije wakajaa tena. Wakaamua wawepo wanawake wasiozaa, wawepo makuhani wa kike waliokatazwa kuzaa, na liwepo pepo la kunyakua mtoto mapajani pa mama yake. Hivyo ndivyo Babeli ilivyoeleza ugumba na vifo vya watoto: ni mpango wa mbinguni wa kupunguza makelele. Fungueni Mwanzo 9:1. Neno la kwanza Mungu analomwambia Nuhu na wanawe baada ya sadaka ni "Zaeni, mkaongezeke, mkaijaze nchi." Anataka nchi ijae watu. Anataka watoto wenye kelele zao.

Mama yangu uliyezika mtoto, usikubali mtu akwambie Mungu alimtaka malaika wa ziada, au kwamba alikuwa anakupunguzia. Dada yangu unayesubiri mwaka wa nane, usikubali kuitwa laana kanisani. Najua mtanitajia Hana, kwamba imeandikwa BWANA alikuwa amemfunga tumbo. Imeandikwa, sifuti. Lakini someni sura nzima mwone nani anamdhihaki Hana na nani anamsikiliza. Kuhani aliyeiona midomo yake ikicheza bila sauti alimwita mlevi. Bwana ndiye aliyemkumbuka. Sina maelezo ya kila kaburi dogo tulilochimba. Ninalolijua ni kwamba alipokuwa akienda kwenye kaburi la rafiki yake Mwana wa Mungu alilia, na hao wa Babeli waliogopa tufani yao wenyewe, wakajikunyata kama mbwa nje ya ukuta wa mbinguni.

Vijana, kwenu nina ombi fupi. Orodha nyingine mnazotumiwa, zisemazo kisa cha Yesu kilichukuliwa kwa miungu ya kipagani, za Horus aliyezaliwa na bikira na kuwa na wanafunzi 12, au za Mithra, zipimeni kwa njia hiyo hiyo: ombeni andiko la kale lenyewe, mjue ni la mwaka gani. Isis, mungu wa kike wa Wamisri, alichukua mimba ya Horus kwa mumewe Osiris, baada ya kuuunganisha mwili wake uliokatwa vipande. Mithra wa Warumi huonyeshwa akichomoka mwambani, tayari mkubwa, akiwa na kisu na mwenge. Hakuna bikira katika hadithi hizo. Kufanana kwa gharika ni kwa kweli na kunastahili kusomwa kwa makini. Huku kwingine hakusimami andiko likifunguliwa.

Kwa ibada za nyumbani wiki hii, viongozi wasiopata tafsiri ya kibao wasome Mwanzo 9:8–17 peke yake, kwa sauti, polepole. Hesabuni neno agano: limetajwa mara saba. Andikeni limefanywa na nani na nani, msiwasahau ndege, wanyama wa kufugwa na kila mnyama wa nchi waliotajwa humo. Kule kwa Enlil hakuna agano na wanadamu. Ea anamlaumu tu kwamba badala ya gharika angetuma simba, mbwa mwitu, njaa au tauni kuwapunguza watu. Kama kwenye kundi lenu yumo aliyefiwa mwaka huu, mpeni yeye nafasi ya kusoma mstari wa 16, na mkimaliza msimhubirie, kaeni naye.