Siku yangu gereji: nozo, sensa na mzee mwenye haraka

Saa moja na nusu asubuhi niko gereji, Ilala. Hadi saa nne nimeshabadilisha plagi za gari mbili na kusafisha throtoli ya tatu.

Saa nne na robo ikaingia Toyota IST ya mzee mmoja, taa ya injini inawaka. "Fundi, nibadilishie nozo zote nne. Nimeshaambiwa." Nozo ndizo zinazopulizia petroli kwenye injini. Aliyemwambia hakufungua hata boneti.

Nikachomeka mashine ya kusoma hitilafu: P0171, petroli kidogo, hewa nyingi. "Si ndiyo nozo hizo?" Hapana, mzee wangu. Namba hiyo inataja dalili, haitaji kifaa kibovu. Kontrolboksi, yaani kompyuta ya injini, inasoma hewa iliyopita kwenye sensa baada ya airkilina (chujio la hewa), joto la maji na mzunguko wa krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), ndipo inaamua nozo ifunguke milisekunde ngapi. Sensa ya oksijeni kwenye ekzosi inairudishia majibu, na kontrolboksi inaongeza au kupunguza petroli ili hewa gramu 14.7 ikutane na petroli gramu 1. Hewa ikipenya baada ya kuipita ile sensa ya kwanza, haikuhesabiwa. Hapo hata nozo mpya hazisaidii.

Hakunisikiliza. Alisimama mgongoni kwangu, simu sikioni, akimsimulia mtu kwamba fundi anapoteza muda. "Yaani kuangalia tu ndiyo unanitoza?" Swali hilo linanichosha kuliko jua. Presha ya petroli nikaikuta imepita bar 3 kidogo, safi. Nozo nikazipima kwa mita moja moja, ukinzani wa umeme zote kama omu 14, sawa. Nikatazama mashine: kwenye sailensa (injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta) kontrolboksi inaongeza petroli zaidi ya asilimia 20, lakini nikikanyaga mafuta nyongeza inashuka karibu na kawaida. Hapo nikajua hewa inaingilia kwenye manifodi, bomba linalogawa hewa kwenye silinda. Nikapuliza dawa ya kusafishia kabureta nyuma ya injini, sailensa ikabadilika mlio. Kimpira cha kupumulia injini kilikuwa kimepasuka upande wa chini, usikoona bila kioo.

"Kumbe kimpira tu! Na hela ya kupima bado unaitaka?"

Naitaka. Kimpira ni bei ndogo, kukijua ndiyo kazi yenyewe, na nozo zake nne nimemwokolea. Alilipa akinuna.

Mchana sikula. Kulikuwa na Noah isiyowaka, sensa ya krenki, kisha nyingine iliyovutwa kwa kamba. Giza liliingia nikiwa bado chini ya dashibodi, tochi mdomoni, nafuata waya mmoja uliokatika.