Marehemu aishike ardhi hadi lini?

Mwenye ardhi anapoandika wosia, mara nyingi hatosheki kumtaja mrithi wake; hutaka pia kuamua nani atamfuata mrithi huyo, na nani atafuata tena, hata kama hao hawajazaliwa. Ardhi iliyofungwa hivyo haiuziki wala haiwekwi rehani kwa urahisi, kwa kuwa hakuna aliye hai anayeweza kumpa mnunuzi hati safi. Ndiyo maana mahakama za Uingereza ziliweka mpaka: haki ya baadaye ni halali ikiwa tu ni hakika tangu mwanzo kwamba, kabla ya kupita miaka 21 tangu kufa kwa mtu fulani aliyekuwa hai wakati hati ilipoanza kutumika, haki hiyo itakuwa ama imempata mwenyewe ama imetoweka.

Mpaka huo ulianzia katika shauri la Duke of Norfolk la mwaka 1682, ambapo jaji Lord Nottingham alikubali mpango wa urithi wa familia ya Duke huyo, Howard, kwa sababu sharti lake lingejulikana limetimia au la ndani ya uhai wa mtu mmoja. Uamuzi wake ulitenguliwa, kisha Baraza la Mabwanyenye likaurejesha mwaka 1685. Miaka 21 iliongezwa baadaye.

Tazama wosia huu: “Shamba langu ni la binti yangu maisha yake yote, kisha liwe la mtoto wake wa kwanza atakayefikisha umri wa miaka 25.” Ikiwa mwusia anafariki kabla mjukuu yeyote hajafikisha umri huo, kwa kanuni hiyo sehemu ya pili ni batili, kwa sababu binti anaweza kuzaa mtoto mwingine kisha akafa mtoto huyo akiwa mchanga, na miaka 25 ikatimia nje ya muda. Andika 21 badala ya 25, na wosia wote unasimama.

Lengo la kanuni naliunga mkono. Kinachonikera ni kupima yanayowezekana badala ya yanayotokea. Katika shauri la Jee v Audley la mwaka 1787, wazazi walikuwa na umri wa miaka 70 hivi, lakini mahakama ilikataa kudhani kwamba hawawezi tena kupata binti mwingine, na zawadi waliyoachiwa mabinti zao ikabatilika. Hapo mantiki ilishinda akili ya kawaida.

Sheria ya mwaka 1964 ilileta busara ya kusubiri kuona kitakachotokea, na ile ya mwaka 2009, inayotumika Uingereza na Wales, ikaweka kipindi kimoja cha miaka 125. Naiona ni mirefu mno, ingawa angalau inahesabika bila kutafuta nani alikuwa hai lini. Hata hivyo, wosia uliotiwa saini kabla ya tarehe 6 Aprili 2010 haumo katika sheria hiyo mpya, hata kama mwusia anafariki leo, kwa hiyo wakili anayepokea wosia wa zamani lazima aanze kwa kutazama tarehe ya saini.